Kubadilisha kulanti mwenyewe nyumbani: maji yanayobaki kwenye injini ndiyo yanayotuponza

Mzee wa Mikanjuni (mtoa mada)

Salaam wakuu.

Kila likizo humu zinafunguliwa nyuzi za "gari yangu imechemsha kupanda Lushoto". Ushauri ni ule ule: toa themostati (valvu inayoyafungulia maji ya injini njia ya kwenda rejeta yakipata moto), unganisha feni moja kwa moja, tembea na dumu la maji. Kulanti, yaani kile kimiminika cha kupozea injini, ikitajwa, anatokea mtu anasema hiyo ni ya Wazungu wenye theluji, sisi Tanga na jua lote hili ya nini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja.

Gari ninayoizungumzia ni Toyota yenye injini ya 1NZ, hizi Probox, IST na Fielder zilizojaa mjini. Mfumo wake wa kupozea unachukua lita 5 hivi. Ya kwako angalia kitabu cha gari, maana hesabu yote huko chini inategemea namba hiyo.

Kulanti ni glaikoli, maji, na dawa za kuzuia kutu. Glaikoli inazuia kuganda, hilo halituhusu, na inapandisha kiwango cha kuchemka, hilo linatuhusu kiasi. Maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100, nusu kwa nusu inafika kama 107. Anayefanya kazi kubwa zaidi hapo ni mfuniko wa rejeta: ukishika shinikizo la bar 1, maji yanasubiri hadi nyuzi 121, na mchanganyiko hadi karibu 129. Kwa hiyo mwenye kulanti ya bei mbaya na mfuniko uliokufa mpira hajafanya kitu.

Dawa za kutu ndizo zinazotuhusu moja kwa moja. Hedi (kichwa cha injini) ni aluminiamu, bloku (kiwiliwili chake) aluminiamu, rejeta aluminiamu, na humo humo kuna vipande vya chuma. Weka maji matupu kwenye mkusanyiko huo uendeshe mwaka au miwili, halafu fungua mfuniko uchovye kidole. Kitatoka na rangi ya udongo, na kikikauka kinaacha unga mwekundu kwenye mistari ya ngozi. Unga huo ndio unaoziba vijia vya rejeta na kukwangua sili ya pampu ya maji.

Na dawa hizo zinaisha hata kama rangi bado inapendeza. Toyota wenyewe, ile nyekundu ya zamani, Long Life Coolant, wanaihesabia miaka 2 au kilomita 40,000. Ile ya waridi, Super Long Life Coolant, mara ya kwanza kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Sasa gari imeshuka bandarini na umri wake, kilomita za kwenye dashibodi Mungu ndiye anayejua ukweli wake. Mimi nikinunua gari namwaga kwanza, halafu ndio tunafahamiana.

Kazi yenyewe. Injini iwe baridi. Sisemi vuguvugu, nasema baridi. Asubuhi kabla gari haijawashwa ndio wakati wake. Mfuniko ukifunguliwa wa moto, shinikizo linaondoka ghafla, maji yaliyokuwa juu ya nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Hapa sina utani.

Gari iwe mahali tambarare, na kitasa cha hita kigeuzwe kwenye moto kabisa. Najua hakuna mtu Tanga aliyewahi kuwasha hita, na ndiyo maana kwenye gari zenye valvu ya hita maji ya kule yanakuwa machafu kuliko kwingine kote.

Chini ya rejeta, pembeni, kuna koki ya plastiki. Tega beseni pana, si ndoo, kwa sababu maji hayashuki wima, yanapiga kile kikinga cha chini na kutawanyika. Koki legeza kwa ustaarabu. Plastiki ya miaka 15 imeokwa na joto, ukiivaa kwa hasira inakatika na kipande kinabaki ndani. Itaanza kutoa kidogo kidogo. Ukifungua mfuniko wa juu ndipo inamwaga kwa nguvu. Riziva, lile tangi dogo la akiba, nayo ichomoe, imwage, ioshe, matope mengi hukaa humo.

Kisha pima kilichotoka. Watu wengi wanaruka hapa. Kwenye mfumo wa lita 5 utapata kama 3. Zilizobaki ziko kwenye bloku na kwenye hita, koki ya rejeta haizifikii.

Funga koki, jaza maji safi, washa gari, iache iungurume mpaka rejeta yenyewe ipate joto na feni iwake. Hapo themostati imefunguka na maji yamezunguka kote. Zima. Subiri ipoe vizuri, mwaga tena. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto kwa haraka zako, hedi inapinda. Rudia mpaka yatoke meupe, na mzunguko wa mwisho tumia maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

Sasa sikilizeni. Umemwaga mara ya mwisho, na injini bado ina lita 2 za maji matupu. Ukimimina ile kulanti ya dukani ambayo tayari imechanganywa nusu kwa nusu, zinaingia lita 3, na ndani yake glaikoli ni lita 1.5 tu. Gawanya kwa 5: asilimia 30. Umelipia 50, umepata 30, na dawa za kutu zimepungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo ukishaosha kwa maji, nunua kulanti nzito isiyochanganywa. Chukua nusu ya ujazo wote wa mfumo, yaani lita 2.5, mimina hiyo kwanza, halafu malizia na maji yaliyosafishwa mpaka ijae. Yale yaliyobaki kwenye bloku yanakuwa sehemu ya hesabu, hayakuibii.

Dukani ikiwa ipo iliyokwisha kuchanganywa tu, usioshe kwa maji kabisa. Mwaga, jaza hiyo hiyo, endesha siku kadhaa, mwaga, jaza tena. Ni ghali zaidi lakini hesabu inakaa sawa.

Mwisho kutoa hewa. Mimina taratibu, minya minya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mpaka mapovu yaache kutoka. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, hita kwenye moto, ongeza kadiri inavyoshuka. Feni ikishawaka na kuzima, na mapovu hakuna, funga. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi angalia tena rejeta na riziva, lazima itakuwa imeshuka kidogo.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Duga

Shukrani mzee. Sasa hayo maji yaliyosafishwa unayapata wapi? Kwetu kuna kisima, maji meupe kabisa, tunayanywa. Hayafai?

---

Fundi Barabara ya 12

Mtoa mada umeandika vizuri ila mengine ni nadharia. Sisi gereji gari za hapa themostati tunatoa, kwisha. Joto la Tanga si la Japani. Gari ngapi zimepita mikononi mwangu hazina themostati na hazijawahi kurudi.

---

Mzee wa Mikanjuni

Fundi, shikamoo kwanza, maana naona ni mkubwa kazini. Lakini hapo hatutaelewana.

Themostati ya gari hizi inaanza kufunguka kama nyuzi 82. Tanga ikipiga jua la Februari ni nyuzi 33. Kwa injini inayotaka 82, Tanga bado ni baridi! Themostati haijui habari ya Japani wala Chumbageni, inajua joto la maji yanayoigusa tu.

Pili, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili kwa nyuma. Yakipata joto, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji mengine yanazunguka injini na kurudi injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutajua. Ukianza kupanda mlima na mzigo ndipo inachemsha, na utailaumu rejeta.

Tatu, ukiwa barabara ya Segera unakimbia 80, injini isiyo na themostati haifiki joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza mafuta. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu. Hawakurudi kwako kwa sababu hawakuchemsha, sawa. Walikwenda kwa mtu mwingine kulalamika gari inakunywa.

---

Fundi Barabara ya 12

Marahaba. Hilo la kisahani cha nyuma nalijua, silikatai. Tatizo ni themostati zinazouzwa sasa hivi. Unafunga mpya, wiki mbili imekwama imefungwa, mteja anakuja na hedi imepinda. Nani analipa? Bora nitoe.

---

Mzee wa Mikanjuni

Hapo nakuunga mkono, bandia zipo. Ndiyo maana themostati mpya kabla ya kuifunga naipika. Sufuria ya maji jikoni, unaining'iniza kwa uzi isiguse chini, unaangalia. Kabla maji hayajachemka lazima iwe imefunguka wazi. Ikitoka kwenye maji lazima ijifunge. Isiyofanya hivyo inarudi dukani siku hiyo hiyo. Dakika 10 za gesi ni nafuu kuliko hedi. Na kile kipini kidogo kinachocheza kwenye duara lake kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza.

---

Mwalimu wa Kemia

Kijana wa Duga, nikujibu swali la kisima maana limepitwa.

Maji kuwa meupe hakumaanishi hayana kitu. Ardhi yetu hii ya pwani ni ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya chokaa hiyo hiyo, na kiwanda cha saruji pale Pongwe kinaichimba. Kwa hiyo maji ya kisima yamebeba kalsiamu, na visima vya karibu na bahari vina chumvi juu yake. Angalia ndani ya birika la nyumbani: ule ukoko mweupe ndio utakaojipanga kwenye kuta za bloku na kuzuia joto lisitoke. Chumvi yenyewe inakula aluminiamu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Kulanti nyingi za Kijapani zinatumia fosfeti kama dawa ya kutu. Fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi inashikana nayo na kutuama. Yaani unatia maji ya kisima, halafu kulanti yako nzuri inatumia nguvu zake kutengeneza ukoko.

Maji ya bomba ya mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, hayo yana nafuu kwa kuoshea. Kwa kuchanganyia, nunua yaliyosafishwa kwa mvuke au kuondolewa madini. Kuchemsha hakusaidii sana, kunapunguza sehemu ya chokaa tu, chumvi inabaki. Na maji ya chupa ya kunywa hayajaondolewa madini. Mengine wanayaongeza makusudi ili yawe na ladha.

---

Mama Passo

Jamani, kwenye duka la spea nimeambiwa nitumie maji ya betri. Ni kweli?

---

Mwalimu wa Kemia

Ni kweli, ila dada yangu hapo kuwa makini sana. Muuzaji ukimwambia "maji ya betri" anaweza kukupa mojawapo ya vitu viwili. Kuna maji ya kuongezea betri, ambayo ni maji yaliyosafishwa tu, ndiyo tunayoyataka. Na kuna yale makali ya kujazia betri mpya, ambayo ni asidi ya salfuriki. Yakiingia kwenye rejeta ya aluminiamu umeimaliza, na yakikurukia machoni umejimaliza wewe. Soma lebo, na chupa isiyo na lebo usiichukue hata akikuapia.

---

Mama Passo

Ahsante mwalimu. Swali jingine kwa mtoa mada. Passo yangu haina geji ya joto, ina taa ya bluu na nyekundu tu. Nitajuaje inachemsha kabla ya kuchelewa? Na hii kulanti ya kijani niliyouziwa, fundi anasema gari yangu ni ya waridi. Nikiiweka itadhuru?

---

Mzee wa Mikanjuni

Dada, taa ya bluu maana yake injini bado baridi, ikizimika iko sawa, nyekundu ikiwaka simama pale pale. Hapo katikati gari haikwambii kitu. Kuna kale kadude ka OBD kanakochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Kanakuonyesha joto kwa namba. Mwendo wa kawaida utaona 84 hadi 95, feni ikiwaka na kuzima. Ukiona inapanda kuelekea 105 na hairudi, zima AC, tafuta pa kusimama.

Rangi: ni rangi tu. Haina sheria ya dunia, kila kiwanda kinapaka anavyopenda mwenyewe. Kuna kijani nzuri na kuna waridi ya hovyo. Kinachotakiwa ni maandishi ya nyuma ya dumu: iwe inafaa gari za Kijapani, yenye fosfeti na isiyo na silikati. Usichanganye mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinaganda vipande vipande. Kama unahamia aina nyingine, ndipo kuosha kwa maji kunapohitajika.

Wasiwasi wangu kwako si rangi. Ni kama hiyo ya kijani ina glaikoli ndani, au ni maji na rangi.

---

Nahodha wa Sahare

Hapo ndipo patamu. Dukani dumu la lita 5 bei ya soda mbili, mtu anasema "orijino hii bosi". Kuna namna ya kuijua bila vipimo vya maabara?

---

Mzee wa Mikanjuni

Zipo mbili.

Ya kwanza mizani. Glaikoli ni nzito kuliko maji. Mililita 500 za maji ni gramu 500. Mililita 500 za kulanti ya nusu kwa nusu ni kama gramu 535, na ile nzito isiyochanganywa inakwenda 555 hivi. Tafuta mizani ya dijitali ya kupimia keki, chupa ile ile, jaza maji mpaka alama, pima. Mwaga, kausha, jaza kulanti mpaka alama ile ile, pima. Uzito ukiwa sawa, umeuziwa maji ya rangi.

Ya pili friza. Friza ya nyumbani ikiwa nzima inafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kulanti ya nusu kwa nusu haigandi hapo, inahitaji zaidi ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Yenye asilimia 30 inaganda nusu nusu, inakuwa chenga chenga. Maji ya rangi yanakuwa jiwe. Weka kiasi kidogo kwenye chupa ya plastiki, usijaze, ilaze usiku kucha.

---

Bi Shani wa Makorora

Samahani nyote, mimi si mtu wa magari, mume wangu ndiye kanionyesha uzi huu. Naomba hilo la friza mlitazame tena. Nyumba ngapi hapa Tanga friza ndiyo duka? Mimi nauza barafu za ubuyu na za maziwa. Watoto wanafungua wenyewe, wanachukua, wanaacha hela. Mtu akiniwekea humo kichupa cha maji ya waridi yaliyoganda chenga chenga, mtoto ataona nini?

---

Mwalimu wa Kemia

Bi Shani amesema jambo kubwa kuliko yote humu. Glaikoli ya ethilini ni sumu, na ubaya wake ni tamu. Haichomi ulimi kama asidi kwamba mtoto ataitema. Ndani ya mwili ini linaigeuza kuwa asidi, na moja ya hizo inatengeneza chenga kwenye figo. Mtu huanza kama mlevi, anayumba, anatapika, halafu anaweza kuonekana ana nafuu, na kumbe ndiyo figo zinakwisha. Akinywa, hata kidogo, hospitali mara moja na dumu mkononi ili daktari aone ni nini. Dawa yake ipo, ila inataka kuwahi.

Kwa hiyo friza ya chakula hapana. Tumieni mizani, na chupa hiyo ya kupimia isirudi jikoni. Mizani yenyewe ifutwe.

---

Mzee wa Mikanjuni

Nimekubali, Bi Shani. Friza tuiache, mizani inatosha.

Na lile la zamani lililomwagwa ndilo hilo hilo. Lisiende mtaroni, lisiende shimoni karibu na kisima, na usiliache kwenye beseni ukaingia ndani kunywa chai. Paka na mbuzi wanalinywa kwa utamu wake. Litie kwenye dumu lenye kifuniko, andika SUMU kwa kalamu ya wino mzito, funga juu. Gereji inayokusanya oili chafu waulize kama wanapokea. Ila usiwachanganyie kwenye pipa la oili, oili yenye kulanti haina mnunuzi.

---

Dereva wa Mombo

Nimesoma yote kimya, sasa niseme la barabara yangu. Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 30 na ushee, kona na mlima mwanzo mwisho, unamaliza ukiwa mita 1,400 hivi juu ya bahari. Wanaochemsha wengi wanachemsha kwa sababu tatu. Wamejaza watu na magunia, AC imewashwa, na wako gia kubwa mguu umekanyaga mpaka chini. Injini inalemewa kwa mzunguko mdogo, pampu ya maji nayo inazunguka pole pole kwa sababu inafuata injini, na upepo wa mbele hakuna. Shuka gia mapema, injini izunguke, pampu isukume maji. AC zima mpaka Soni.

Na kule juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100. Lushoto ni kama 95 ukiyachemshia kwenye sufuria wazi. Kwa hiyo mwenye mfuniko uliolegea na maji matupu anaonekana mapema sana, akiwa ameegesha kwenye kona kafungua boneti.

Ukichemsha, usizime injini ghafla kama maji bado yapo ndani. Simama, zima AC, fungulia hita yote na feni yake hata kama utaloa jasho, iache iungurume kidogo ishuke. Maji yakiwa yamekwisha au mshale umegonga mwisho, hapo zima. Na hao vijana wanaokimbilia kufungua mfuniko kwa kitambaa, waambieni kitambaa hakizuii mvuke.

---

Nahodha wa Sahare

Yangu kila wiki inapungua nusu lita, chini hakuna tone. Nimeosha, nimeweka kulanti nzuri, bado. Inaenda wapi?

---

Fundi Barabara ya 12

Hapo njoo gereji, hapo kuosha hakusaidii. Fungua kifuniko cha oili, ukiona ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Asubuhi ukiwasha, moshi mweupe mzito usioisha injini ikipata joto? Rejeta inatoa mapovu mfululizo ukiwa na mfuniko wazi, hata baada ya kutoa hewa yote? Gasketi ya hedi. Ikiwa hakuna hata moja, kagua sili ya pampu ya maji, kuna kitundu kidogo chini yake kinachoacha doa la waridi lililokauka, na tone linaungua kabla halijafika chini. Tazama pia zulia la miguuni kwa abiria kama lina unyevu, rejeta ndogo ya hita hupasuka.

Usitie ile dawa ya kuziba matundu. Inaziba tundu, na inaziba rejeta.

---

Mzee wa Mikanjuni

Hapo fundi amemaliza, sina la kuongeza.

---

Kijana wa Duga

Wakuu, niko chini ya gari sasa hivi. Koki imegoma. Nimeigusa kwa plaizi nikaona inaanza kupinda, nimeiacha. Nifanyeje?

---

Mzee wa Mikanjuni

Umefanya vema kuiacha. Vua mpira mkubwa wa chini wa rejeta. Beseni litangulie. Klipu yake ina masikio mawili, yabane kwa plaizi uirudishe nyuma kwenye mpira. Mpira utakuwa umeng'ang'ania, usiuvute moja kwa moja. Uzungushe kwanza kushoto kulia mpaka uachie, maana shingo ya rejeta nayo ni plastiki. Kaa pembeni, si mbele yake, itamwaga yote kwa mara moja.

---

Kijana wa Duga

Imetoka! Nimelowa mpaka kiwiko. Nimepima kwa chupa ya lita, nimepata lita 3 na robo. Kitabu kinasema mfumo ni lita 5. Nimenunua dumu la nzito la lita 4.

---

Mzee wa Mikanjuni

Kwa mpira wa chini huwa inatoka zaidi kidogo, ndiyo maana. Ndani una lita 1.75. Endelea kuosha kwa njia hiyo hiyo mpaka yatoke meupe, mwisho maji yaliyosafishwa. Kisha mimina nzito lita 2.5, itabaki nafasi ya robo tatu lita, hiyo malizia na maji yaliyosafishwa. Lita 1.5 inayobaki kwenye dumu changanya na maji hayo hayo lita 1.5, ndiyo utakayotumia kujazia riziva mpaka mstari wa juu na kuongezea kesho asubuhi. Klipu irudi pale pale ilipokuwa imeacha alama kwenye mpira, na kabla ya kuwasha hakikisha hakuna spana juu ya feni.